Wiki ya pili fildi Mwanza, sijatoka masjala: nihamie Igombe au nivumilie?

BintiNyehunge

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana siku zangu zinahesabika.

Niko mwaka wa pili, nasoma sosholojia hapa Mwanza. Mafunzo kwa vitendo ni wiki nane. Nilianza kuhangaika na barua tangu Aprili, nikapata nafasi kwenye taasisi moja mjini kati, jina naomba nisilitaje. Ni kubwa na inajulikana. Darasani kila mtu aliniambia nimebahatika, na baba kule nyumbani Nyehunge aliwaambia majirani kabla hata sijaripoti.

Leo ni siku yangu ya tisa. Nimepangiwa masjala. Napokea barua, naandika namba ya jalada kwenye rejista, napeleka majalada ghorofani, natoa kopi. Ikifika saa nne nachemsha chai ya ofisi. Msimamizi wangu ni mpole, hajawahi kunifokea hata mara moja, ila gari la kwenda kwa wananchi likiondoka huwa limejaa. Logibuku yangu, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, siku zote tisa inasema kitu kimoja.

Jana jioni nilikaa kuijaza nikajikuta nimeandika "nimeshiriki kuandaa mkutano wa wadau". Nilichofanya ni kupanga chupa za maji mezani. Nilifuta, lakini nilishtuka jinsi ilivyonitoka kirahisi.

Sasa, shangazi ninayekaa kwake Mkolani anafahamiana na afisa maendeleo ya jamii wa kata mmoja upande wa Igombe. Amesema chuo kikiridhia na barua ikipita kwa mkurugenzi, atanipokea, na kwamba vikundi vya kina mama wa dagaa huko ni vingi. Lakini kutoka Mkolani mpaka Igombe ni kuvuka mji mzima: daladala mpaka mjini, halafu nyingine inayopitia uwanja wa ndege. Bumu la fildi, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, limeshaanza kuisha. Msimamizi wa chuo ameshapangiwa kunitembelea hapa wiki ya tano. Na baba amesema wazi, nikiacha taasisi yenye jina nikaenda kukaa na wauza dagaa, nisimpigie simu nikikosa ajira.

Nihame au nivumilie?

Kasia_la_Pili

Usihame. Nami nilipita masjala, nilikaa wiki kumi. Wiki mbili za kwanza nililia kama wewe. Ya tatu nikaanza kusoma kile nilichokuwa nabeba. Ripoti za robo mwaka, mihtasari ya vikao, barua za wananchi za kulalamika, majibu waliyopewa. Niligundua lalamiko moja la maji limezunguka ofisi nne kwa miezi saba bila mtu kwenda kuangalia kile kisima. Hilo hulipati darasani. Anayetaka kuelewa jinsi nchi inavyoendeshwa, aketi masjala.

Na baba yako usimpuuze. Watu wanaangalia umetokea wapi. Ni ukweli unaouma, ila upo.

AfisaKata_Mstaafu

Mwanangu BintiNyehunge, pole. Nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka ishirini na sita, Magu na Misungwi, na nimepokea wanafunzi wengi kiasi kwamba majina yao nayachanganya. Nikwambie ninavyoona.

Kasia hajakosea kuhusu majalada. Lakini yeye alisoma majalada. Wewe unayabeba. Uliza kwanza kama unaruhusiwa kuyafungua, kwa sababu mengine yana siri za watu na ukiyasoma bila ruhusa unajiharibia. Ukiruhusiwa, una kazi ya wiki nzima hapo hapo ulipo.

Halafu kuna jambo hujatuambia: umewahi kumwambia msimamizi wako kwamba unataka kwenda kwa wananchi? Kwa mdomo wako? Maofisa wengi tukiletewa mwanafunzi tunampa kazi iliyo karibu kwa sababu hatujui anajua nini. Barua ya chuo inasema tu "apatiwe uzoefu wa kazi". Uzoefu gani? Haisemi. Anayekuja na karatasi yake yenye mambo matatu anayotaka kujifunza, huyo nilikuwa najua la kumfanyia. Anayekuja na mikono mitupu anakaa palipo na kiti.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, andika ukurasa mmoja. Sema nimejifunza hiki, naomba wiki sita zilizobaki nifanye hiki na hiki. Mpe mkononi, usimwachie mezani. Subiri siku tatu. Usipoona mabadiliko, nenda Igombe na usigeuke nyuma.

Ukifika kata, nikuandae kidogo. Afisa wa kata anabeba mambo mengi kwa mara moja. Kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wewe utakutana nayo kwenye katiba za vikundi, rejista za wanachama, ziara za kuona kama mradi ulioandikwa upo kweli. Kuna kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kuna kamati za kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kuna mtu anakuja mlangoni saa moja asubuhi kusema mume kauza kiwanja. Yote hayo yanapita kwa mtu mmoja mwenye pikipiki moja, wakati mwingine haina mafuta. Usimlaumu akikuacha ofisini siku moja moja.

Na kabla ya swali lolote, salamu. "Mwangaluka" asubuhi, "mwadila" mchana. Hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, sema. Kwa wazee wetu mtu anayeanza na swali kabla ya salamu amekuja kuchukua kitu.

MamaDagaa

Nimeletewa huu uzi na mwanangu, nami niseme maana naona tunatajwa.

Mimi nimeishia la saba. Nafanya dagaa hapa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, mwaka wa kumi na nane sasa. Wanafunzi wanakuja sana, wengi ni watoto wazuri, wana adabu. Shida yao ni saa. Wanafika saa tatu asubuhi na madodoso yao. Saa tatu ndiyo tunaanika! Mitumbwi imeingia alfajiri, tumegombania ndoo, tumelipa, tumeosha, sasa tunawamwaga kwenye vichanja, wengine mchangani. Jua halikungoji. Mtoto anasimama pembeni yangu ananiuliza, "Mama, kipato chako cha mwezi ni shilingi ngapi?"

Mwanangu, mimi sina kipato cha mwezi. Nina kipato cha giza.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi usipokuwepo angani taa inawavuta, mitumbwi inarudi imejaa, hapo pesa ipo na ada ya watoto inalipwa. Mbalamwezi ikikomaa taa haina nguvu. Wavuvi wanatundika nyavu, wengi wanarudi makwao, sisi tunakula madeni tukingoja giza lingine. Na mvua ikinyesha dagaa wako nje, hata hilo giza limeharibika, wanakwenda kuwa chakula cha kuku. Sasa nikuandikie kipato cha mwezi kipi? Nikitaja cha giza utasema mimi tajiri. Nikitaja cha mbalamwezi utaniandika fukara. Nataja namba ya katikati nikuondoe.

Kikundi chetu tulishakopa mahali fulani, marejesho tarehe ile ile kila mwezi. Tarehe ikiangukia mbalamwezi tunakopa VIKOBA tukalipe. Tuliwaeleza. Walituambia mfumo ndivyo ulivyo. Kama unakuja, njoo na hilo kichwani.

Na uje alfajiri au uje mbalamwezi. Saa tatu ya giza usije, labda unashika ndoo.

Mhadhiri_wa_Fildi

Nimesoma la mama hapo juu mara mbili. Nafundisha mbinu za utafiti, na kosa alilolieleza tunalirudia kila mwaka: dodoso limetungwa na mtu anayelipwa mshahara, likiamini kila mtu anaishi kwa mwezi wa kalenda. Binti, hata ukibaki mjini, hilo tayari ni swali la utafiti wako wa mwaka wa tatu.

Nije kwenye utaratibu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaumia. Usihame kimya kimya. Kwanza nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yako, na maombi ya maandishi, ukieleza sababu bila kulaumu mtu. Akikubali, chuo kinaandika barua mpya kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kule inashuka kwa afisa utumishi, kisha idara ya maendeleo ya jamii, ndipo kata. Kata haiwezi kukupokea kwa kujuana na shangazi tu. Ukikutwa na jambo huko, barua ndiyo itakayokutetea. Ibebe mwenyewe ofisi hadi ofisi, usingoje ipelekwe.

Jambo la pili: barua ya fildi si kibali cha utafiti. Unaruhusiwa kujifunza kazi, kushiriki, kuandika ulichofanya. Ukitaka kukusanya data kwa ajili ya tasnifu, hiyo ni njia nyingine na ina vibali vyake. Wapo waliochanganya haya mawili wakalazimika kuacha data yote waliyokusanya.

La tatu, nimefurahi ulifuta ile sentensi. Wasimamizi tukija kutembelea tunaisoma logibuku, halafu tunamuuliza mtu wa ofisini.

Mvuvi_Nansio

Njoo Ukerewe, kata huku zina uhaba wa watu na ukija utafanya kazi mpaka uchoke. Ila utahitaji chumba. Fikiria kama Igombe ikishindikana.

BintiNyehunge

Asanteni sana. Mzee AfisaKata_Mstaafu, umenigusa pabaya. Hapana, sijawahi kumwambia. Nilidhani kuomba ni utovu wa adabu, kwamba mgeni anakaa anapokaribishwa. Leo usiku naandika huo ukurasa.

Mama, shikamoo. Neno lako la kipato cha giza nimeliandika ukutani juu ya kitanda.

DadaUstawi

Naomba nilete jambo ambalo hujaliuliza. Samahani kama halikuhusu, kuna wasichana wengine wanasoma hapa.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nikiwa mwanafunzi, aliyekuwa anasaini tathmini yangu aliniambia sahihi inapatikana jioni, mahali fulani. Nilikimbia fildi, nikarudia mwaka, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Siku hizi najua kwamba hilo lina jina kwenye sheria: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinazungumzia mtu anayetumia madaraka yake kudai ngono. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Tunza ujumbe wa simu, usifute kwa hasira. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo, hata kama ni shangazi.

Na kama utaenda mwaloni ukakutana na mtoto aliyeumizwa, usijifanye mpelelezi. Usimhoji. Mpeleke kwa afisa, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Mwanafunzi mmoja tuliyempokea alimuuliza mtoto maswali kwa saa mbili kwa nia njema kabisa, na kesi ilipofika mbele mtoto alikuwa hataki tena kufungua mdomo. Hili ninalisema kwa uchungu.

Kasia_la_Pili

DadaUstawi, pole sana, na asante kwa kusema.

Binti, bado sikubaliani na kuhama, nimeshasema. Lakini ukiamua, omba barua inayothibitisha siku ulizofanya hapo, na umuage kila mtu, hadi mlinzi. Mwanza ni mji mdogo kwenye mambo ya ajira. Utakutana nao tena.

AfisaKata_Mstaafu

Nakubaliana na Kasia kwenye kuaga. Sikubaliani kwenye jina la taasisi. Nimekaa kwenye usaili wa vikundi vya watu wa kujitolea mara nyingi. Tulikuwa tunauliza swali moja tu, "Tueleze siku moja ya fildi yako, kuanzia asubuhi." Wenye majina makubwa walikuwa wanaishiwa maneno kabla ya saa nne.

Baba yako anaogopa, si mbaya. Mzazi aliyeuza mpunga kukusomesha anataka kuona geti na bendera.

BintiNyehunge

Narudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Nilimpa msimamizi ule ukurasa mkononi siku ya Ijumaa. Aliusoma mbele yangu, akavua miwani, akasema, "Mbona hukusema siku ya kwanza?" Aliniahidi nafasi kwenye gari kila Ijumaa. Nilitoka nikiwa na furaha, halafu nikahesabu: Ijumaa zilizobaki ni sita, na moja ni sikukuu. Nilirudi Jumatatu nikamweleza kwa heshima kwamba naomba kuhama. Hakukasirika. Ameniandikia barua ya siku kumi nilizofanya, na aliniruhusu kusoma ripoti za miaka mitatu iliyopita kabla sijaondoka. Kasia, nilizisoma zote. Ulisema kweli.

Barua kwa mkurugenzi ilichukua siku nne. Niliibeba mwenyewe. Nimeanza Igombe Jumatatu ya wiki ya nne, nikawahi siku za mwisho mwisho za giza.

Siku mbili za kwanza sikuuliza mtu chochote. Nilishika ndoo. Mgongo unauma mpaka sasa. Siku ya tatu afisa alinipa rejista za vikundi vinne nizilinganishe na wanachama waliopo kweli, na hapo nikakosea. Niliandika kwenye logibuku majina ya kina mama wawili wanaodaiwa na kikundi, na kiasi wanachodaiwa. Afisa aliona, akaniambia niichane ile kurasa. "Logibuku hii inakwenda chuoni, inalala mezani kwa watu. Hawa kesho wanakutana na wewe mwaloni." Nimeandika upya kwa herufi, Mama A na Mama B, bila kiasi. Niliona aibu, kwa sababu usiri tulifundishwa mwaka wa kwanza na niliujibu vizuri kwenye mtihani.

Nauli inanila. Shangazi ananifungashia viazi. Baba bado hajakubali, hapigi simu, mama ndiye ananiambia habari zake.

Sasa nina swali. Msimamizi wa chuo anakuja Jumatano hii, ratiba haibadiliki. Nimeangalia angani, Jumatano ni mbalamwezi. Mwalo utakuwa mtupu, mitumbwi imepinduliwa, hakuna dagaa hata mmoja kwenye vichanja. Naogopa atadhani nimekaa tu. Nimpeleke wapi?

MamaDagaa

Marahaba mwanangu. Nimekuona Jumanne na ndoo ya bluu, sikujua ndiye wewe.

Mlete kwetu. Jumatano kikundi kinakaa saa nane mchana, chini ya mwembe nyuma ya mashine ya kusaga. Tunasoma daftari la madeni na kugawana zamu. Mbalamwezi ndiyo tunapata nafasi ya kukaa. Mwambie asije na dodoso.